Sabuni Sita

Usiku mmoja wa mwaka 1983, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mama yangu alitupa sabuni sita chooni. Zilikuwa sabuni za kuogea kutoka Kenya, zimo bado kwenye karatasi zake. Mimi nilikuwa na miaka 11. Aliniamsha nimshikie koroboi, maana choo kilikuwa uani na usiku ule hakutaka kwenda peke yake. Akazitumbukiza moja moja, kila moja akiisikiliza mpaka ifike chini. Ya sita aliishika kidogo, akainusa, akaiachia.

Kesho yake tulifulia majani ya mpapai.

Huzikumbuka sabuni zile kila ninapomsikia mtu redioni akitufundisha kubana matumizi: andika bajeti, zima taa, pika nyumbani, usinunue usichokihitaji. Maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini mimi nimelelewa na mabingwa wa kazi hiyo, na nikitazama hesabu zangu za leo nashindwa kujua ule ubingwa uliishia wapi.

Aliyezaliwa baada ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, kuingia huenda asielewe, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa mwaka 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mikanda kwa miezi 18 ili nchi ipumue. Miezi 18 ile ndiyo mirefu kuliko yote niliyowahi kuishi; ilipita miaka sita haijaisha. Vita vilikuwa vimekula fedha, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya umefungwa. Kwetu Tanga kulikuwa na la ziada: mkonge. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na kazi yake ilikuwa kuandika tarakimu ambazo kila mwaka zilipungua. Nchi iliyozalisha karibu tani 230,000 mwaka 1964 ilikuwa inashindwa na kamba ya plastiki. Baba alirudi nyumbani na vifundo vya katani mfukoni, mama akavifanya dodoki la kusugulia sufuria. Hayo ndiyo yalikuwa marupurupu yake.

Watu wengi husimulia wakati ule kama wakati wa kukosa hela. Sisi hela tulikuwa nayo, kidogo, ya mshahara wa karani. Shida ilikuwa kwamba ukiishika mkononi ukaenda nayo dukani, ulikuta rafu zina vumbi, na muuzaji amekaa anapiga miayo. Ndiyo maana akili yote ya mama ilikuwa kwenye vitu, si kwenye shilingi. Shilingi ingengoja. Sabuni haingengoja.

Vitu vyenyewe vilikuja kwa mgao, kupitia duka la kaya. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na daftari, na katika daftari kila kaya ilikuwa na mstari wake: idadi ya watu, sukari, unga, mafuta, mche wa sabuni kama upo. Habari ikivuja kwamba lori limeonekana, watu walikwenda kuweka mawe usiku, kila jiwe likisimama badala ya mtu. Letu lilikuwa kipande cha tofali kilichomeguka pembe. Nalikumbuka tofali lile kama mtu anavyomkumbuka mwalimu wake wa darasa la kwanza. Saa kumi na moja alfajiri dada yangu alikwenda kusimama nyuma yake, na mara nyingi foleni ilikuwa ndefu kabla hatujajua kinachouzwa ni nini. Siku moja alisimama mpaka adhuhuri akarudi na betri mbili za redio. Hatukuwa na redio. Mama alizipokea akaziweka sandukuni, akabadilishana na jirani kwa kibaba cha mchele.

Chakula hakikututesa kama kilivyowatesa wa miji mingine, kwa sababu vijiji vya Tanga vina muhogo, na Mtanga mwenye bada na dagaa hajafa. Kulikuwa pia na ule unga wa njano wa msaada kutoka ng'ambo, watu wakauita unga wa Yanga kwa rangi yake. Baba, aliyekuwa Coastal Union kwa mambo ya nyumbani na Simba kwa mambo ya Dar es Salaam, aliula ugali ule kimya kimya, jioni baada ya jioni, uso ameuelekeza ukutani.

Sabuni ndiyo iliyokuwa elimu. Mche ukipatikana, mama hakuukata kwa kisu, maana kisu huacha chembe. Aliukata kwa uzi, akizungusha na kuvuta, vipande vikatoka laini kama jibini. Kisha akavianika juu ya kipande cha bati, siku tatu, nne. Sabuni mbichi, alisema, inayeyuka kabla haijafanya kazi. Iliyokauka inabidi uiombe povu. Kipande kilipobaki kama ukucha, kilibandikwa juu ya kipya kikiwa na unyevu, vikashikana. Maji ya kufulia yalikuwa na safari yake: kwanza mashati meupe, halafu nguo za rangi, halafu matambara, halafu sakafu, mwisho choo. Sijawahi kuona ndoo ya maji iliyofanya kazi kuliko ndoo ya mama.

Ilipokosekana kabisa, kulikuwa na mpapai. Majani yake ukiyafikicha majini yanatoa utelezi na kijipovu fulani, na uchafu unatoka kweli. Tatizo ni kwamba na yenyewe yanaacha kitu. Shati langu la shule lilipata ukijani usio na jina, na darasani tulikuwa wengi wenye ukijani huo, hata mwenye shati jeupe pe alitazamwa vibaya: kwao wanapata wapi sabuni?

Viberiti navyo. Njiti moja dada aliipasua mbili kwa wembe, kuanzia kichwani, kazi inayotaka mkono usiotetemeka. Katika kumi labda tatu ziliharibika, na zile tatu mama alizihesabu. Lakini afadhali zaidi ilikuwa kutowasha kabisa. Kabla ya magharibi ulitazama paa la nani linatoa moshi, ukatumwa na kigae kuomba kaa la moto. Ulirudi mbio ukilipuliza njiani. Leo naona kama jambo la kupendeza, ujirani na nini. Wakati ule niliona aibu, hasa nyumba yenye binti wa darasa letu.

Na nazi. Hapa lazima nikae kidogo, maana mtu wa bara hajui nazi moja ilivyokuwa shamba zima. Kwanza makumbi: yalikaushwa yakawa ya kuwashia moto, mengine yakapondwa yakawa ya kusugulia. Maji ya dafu yangenywewa, lakini nazi kavu maji yake yaliingia kwenye unga wa vitumbua. Ikakunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa tui la kwanza, zito, likawekwa kando mpaka mwisho wa mapishi. Likafuata tui la pili la kuchemshia mchicha au maharage, na siku za shida tui la tatu, ambalo kwa kweli lilikuwa maji yaliyowahi kukutana na nazi. Chicha wakapewa kuku. Kifuu kimoja kikawa upawa, cha pili kikawa mkaa wa pasi. Baada ya hapo, sioni kilichobaki cha nazi ile isipokuwa kivuli chake.

Nimewasimulia wanangu habari ya nazi mara nyingi. Husikiliza, kijana wangu wa mwisho aliwahi hata kuiandikia insha. Mke wangu huwa ananyamaza. Siku moja, mimi nikiwa nimefika kwenye tui la tatu, aliuliza bila kunitazama: "Baba watoto, na aliyekuwa anakuna ni nani?"

Dada. Aliyekuna ni dada. Aliyesimama nyuma ya tofali alfajiri ni dada, aliyepasua njiti ni dada, aliyeteka maji yenye safari tano ni yeye na mama. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na koroboi nikisoma, pua imejaa masizi, na nilikuwa nikijiona ndiye niliyekuwa kwenye shida kwa sababu koroboi ilinipa macho mekundu. Dada alimaliza darasa la saba mwaka 1982 na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilipofika zamu yangu nilichaguliwa. Hakuna aliyewahi kukaa chini akaiweka kwenye hesabu ile foleni ya alfajiri, wala baba, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu.

Sukari nayo ina kisa, na kisa hiki kinanihusu vibaya. Mgao ulikuwa mdogo hata chai ya wiki haukutosha, achilia mbali Ramadhani. Kwa hiyo wanawake sita wa mtaa wetu walicheza upatu wa sukari: kila mgao ukija, kila mmoja anatoa nusu yake, wote wanampa mmoja. Aliyepata zamu alikuwa na sukari ya kutosha kufanya kitu cha maana, futari yenye uji mtamu, au kashata za kuuza. Wengine walikunywa chai kwa kumumunya peremende, ikikosekana peremende, kwa kuizoea.

Zamu ya mama ilipofika, sukari iliwekwa kwenye kopo la Blue Band, kopo likaingia chini ya sanduku la kanga. Mama alijua ana mtoto wa kiume. Hakulifunga kwa kufuli. Aliilaza sukari juu ikawa sawa kama kitanda, kisha kwa ncha ya kidole akachora herufi moja ya Kiarabu: jimu. Nilikuwa nasoma madrasa, nikajiona mjanja. Nikachota vijiko viwili, nikalainisha, nikachora jimu yangu. Jioni aliniita, akanifungulia kopo, akaniambia nisome. Nikasoma, "Jimu." Akasema, "Hii ni ha. Jimu ina nukta." Mwizi wa sukari alikamatwa kwa nukta, na maalimu akapelekewa habari, maana kwa upande wake lilikuwa pia suala la elimu.

Nilichapwa. Lakini kilichoniuma ni siku chache baadaye, msiba ulipotokea nyumba ya pili, na mama akalichukua kopo lote, na shimo langu la vijiko viwili, akalipeleka matangani. Futari yetu mwaka ule ilikuwa na uji wa chumvi na ndimu. Hakusema neno. Wale wanawake wengine watano hawakusema neno pia, ingawa kila mmoja alikuwa na nusu ya mgao wake ndani ya kopo lile.

Sasa zile sabuni.

Tanga iko karibu na mpaka. Ukipita Horohoro upo Lunga Lunga, na kwa bahari kutoka Jasini mpaka Vanga ni kitambo kidogo tu kwa ngalawa. Mpaka ulikuwa umefungwa kwenye karatasi. Mafuta ya kupikia, dawa ya meno na sabuni za kunukia hazikusoma karatasi. Mjomba alikuja usiku mmoja na zawadi ya sabuni sita. Mama hakuzitumia. Alizipanga kati ya kanga zake, sandukuni, zikawa zinafanya kazi ya udi: ukifungua sanduku unasikia harufu ya mahali pengine. Alikuwa amezipangia. Moja Idi, moja dada akiolewa, na kadhalika. Zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa miaka.

Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huohuo. Watu waliojaza maghala kwa kweli walikuwepo, na wengi tulishangilia: hatimaye tungejua sukari inakwenda wapi. Lakini hofu ina tabia ya kushuka chini, kutoka kwa mwenye ghala mpaka kwa mwenye sanduku. Tulisikia vitambaa vimeonekana vichakani, vitu vimemwagwa baharini usiku, watu wanaamka wanakuta redio jalalani. Swali lililotisha lilikuwa moja: risiti iko wapi? Mama hakuwa na risiti ya kitu chochote. Nani aliwahi kupewa risiti ya zawadi ya kaka yake?

Sabuni sita hazihujumu uchumi wa nchi. Hata mtoto wa miaka 11 aliliona hilo. Lakini mstari kati ya kuweka akiba na kuficha bidhaa hakuna aliyetuchorea, na mama, mwanamke aliyejua kuchora alama juu ya sukari, alikosa namna ya kujua yeye yuko upande gani. Usiku ule chooni hakuwa anatupa sabuni peke yake. Alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba mwenye busara huweka, na ghafla kuweka kukawa ndiyo hatia. Wiki nzima choo chetu kilinukia kuliko chumba cha bibi harusi, jambo lililomtia hofu mpya. Alimwaga majivu debe zima.

Niseme na hili, kwa haki. Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, mama alilia kama amefiwa na kaka yake wa tumbo moja. Nilimuuliza, na zile sabuni? Akaniambia nisichanganye mambo.

Baadaye mlango ulifunguka. Mpaka ulikuwa umekwisha kufunguliwa Novemba 1983, bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu wenye fedha za kigeni za kwao kuleta bidhaa, na Novemba 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ruksa ikawa jina lake. Mitumba ikaja. Sabuni zikaja za rangi ambazo hatukujua sabuni inaweza kuwa nazo. Dada alinunua moja ya kijani, akaiogea yote kwa wiki moja, kwa makusudi.

Na hapo ndipo ubingwa wa mama ulipopata pigo lake la pili, ambalo halikuwa na harufu. Pamoja na vitu, alikuwa na kopo jingine, la noti. Katika miaka ile ya kukosa cha kununua, kila mwezi alibakiza kidogo, akilenga mabati ishirini ya kuezekea nyumba yetu ya makuti. Mabati yalikuwa hayapatikani, basi alingoja, akiamini hela ikingoja inakua. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17 kwa kiwango cha serikali. Mwaka 1990 ilikuwa karibu shilingi 195. Mama hakuijua dola, lakini dola ilimjua. Mabati yalipojaa madukani, kopo lile la miaka lilitosha mabati saba.

Saba. Yakaezekwa upande wa chumba cha baba na mama, uliobaki ukabaki makuti, na mvua ikinyesha nyumba yetu ilikuwa na sauti mbili. Mtaa wa pili alikuwepo mzee mmoja ambaye miaka yote ile alikusanya misumari, nondo, mifuko ya saruji, akaficha chini ya kitanda, watu wakimwita mlanguzi. Yeye alimaliza nyumba. Mama alikuwa akipita pale anasema, "Mwenzetu alikuwa anaona," wala hakusema anaona nini.

Siku hizi naishi Dar es Salaam, na nimebeba tabia zote za nyumbani kama mtu aliyehama na mzigo usio na pa kuweka. Dawa ya meno naikata kwa mkasi nifute ndani. Vipande vya sabuni navibandika. Mifuko ya plastiki niliitunza kwa miaka, mfuko mmoja umebeba mifuko mia, mpaka serikali ilipoipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na mke wangu akanitazama akasema, "Haya sasa, mhujumu." Tulicheka sana. Lakini nilikwenda kuitupa jioni, giza likishaingia, na nilijua kwa nini.

Mwaka jana niliandika matumizi ya mwezi mzima, kila shilingi, kama redio inavyosema. Nilitegemea kuona ubingwa. Bando la simu, shilingi 1,000 kila siku, kwa vipande vipande: 30,000. Makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu, ambayo hata sikumbuki kuyakubali. Tozo ya serikali ilipoanza Julai 2021 tulipiga kelele, ikapunguzwa, tukasahau kwamba kabla ya tozo makato yalikuwepo na bado yapo. Mafuta ya kupikia nanunua ya kupimiwa, kila siku kipimo, kwa sababu hela ya dumu haiko kwa pamoja. Na anayenunua kwa kipimo analipa dumu na nusu. Juu ya yote kulikuwa na mkopo niliochukua kufidia ada, mmoja wa ile inayoitwa kausha damu, na jina lile halikutungwa na mshairi. Kwa riba ya mkopo ule ningekata dawa za meno za wilaya nzima na nisingefidia.

Kwa hiyo huyu ndiye mimi: nabandika vipande vya sabuni asubuhi, na mchana navuja. Nilimpigia dada nikamwambia. Nadhani nilitaka anifariji kwamba dunia imebadilika, kwamba mama alikuwa na kopo ambalo unaliona, unalainisha juu yake, unachora jimu, na mwizi akija nukta inakosekana. Wakati hela yangu mimi iko ndani ya simu na haina pa kuchora kitu. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mdogo wangu, wewe hukuwahi kuchora jimu. Wewe ndiye uliyekuwa unachota."

Ana duka Makorora, dada. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa Desemba alikuwa anapika samaki wa nazi, na nikaona anakata pakiti ya tui la dukani kwa mkasi, anamimina, anaitupa pakiti bila kuisuuza. Nikapiga kelele kidogo. Tui la pakiti, Tanga? Nikamwambia angalau asuuze, kuna tui limebaki kwenye pembe. Alinitazama kwa muda. Akaokota pakiti nyingine, akaikata, akamimina nusu, akaitupa na iliyobaki. Kisha akaendelea na samaki wake.

Mama yuko hai, ana miaka themanini na kitu, anakaa na dada. Safari ile nilikuwa nimempelekea boksi zima la sabuni za kuogea, nilizozinunua kwa jumla Kariakoo. Nilikuwa na hoja yangu mwenyewe ya kuthibitisha, nadhani, juu ya kununua kwa wingi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akaniombea dua, akalifungua boksi. Akatoa sabuni moja, akatoa ya pili. Akaanza kuzichambua karatasi na kuzipanga juu ya ukuta wa uani, kwenye jua, nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine. Nikamsaidia. Tulipanga kimya, zikafika kama arobaini, ukuta mzima mweupe.

Alipomaliza alizitazama, kisha akalitazama lango, ambalo lilikuwa wazi. Akanisogelea.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "risiti unayo?"

Nikamwambia ninayo. Nilikuwa nimeitupa palepale Kariakoo, mlangoni pa duka.

"Nenda basi," akasema, "ukafunge lango."